Barua kwa Mhariri: Kwani binadamu anaisha kukua akifika miaka minane?

Mhariri,

Salaam sana, na shikamoo kama umenizidi umri, kama mi ndo nimekuzidi basi marahaba naitoa kabisa kabla hujaniamkia. Naandika kuhusu ile makala yenu ya malezi, ile iliyotoka na picha ya mtoto anachezea mchanga. Nimeisoma mwanzo mpaka mwisho, mwandishi kajitahidi, ila kuna sentensi moja imenikaa kooni kama mwiba wa samaki mpaka leo, pale aliposema kwamba binadamu anajengwa miaka minane ya kwanza na baada ya hapo anaishi tu na kile alichopewa. Anaishi tu! Sasa mi nina miaka 62 na mama yangu ana 86 na gazeti tunasoma wote, nikimaliza mi anachukua yeye, basi alipofika hapo akavua miwani akaniuliza, "Kwaiyo miaka yote hii mi nilikuwa nafanya nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Na aibu yangu ni kubwa kuliko ya mwandishi wenu, kwa sababu mi nimefundisha saikolojia ya elimu chuo cha ualimu miaka zaidi ya ishirini, na nilikuwa nafundisha hivyohivyo. Piaget na hatua zake nne za akili ya mtoto, Erikson na hatua zake nane za maisha, andika, kariri, toka nje. Tena hizo nane za Erikson nilikuwa naishia ya tano, ile ya kijana anayetafuta yeye ni nani, alafu nawaambia wanachuo zilizobaki mtasoma wenyewe kwa sababu nyinyi mnaenda kufundisha watoto. Hamna aliyesoma. Na mi mwenyewe nilikuwa sijazisoma vizuri, nimekuja kuzisoma baada ya kustaafu, kwenye kiti cha barazani, wakati tayari niko ndani yake.

Ila nisimuonee mwandishi. Kwamba utoto una uzito hilo halina ubishi, na ndo maana Serikali 2021 ilizindua ile programu ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, kuanzia sifuri mpaka miaka minane, na mi naiunga mkono mikono miwili. Wahenga walishasema udongo uwahi ungali maji. Na wanasaikolojia wameliona kwa njia ya kusikitisha sana kule Romania, ambako watoto wengi walikuwa wanakulia kwenye vituo, wanalishwa, wanabadilishwa nguo, lakini hakuna mtu mmoja wa kudumu wa kumbeba mtoto. Mwaka 2000 watafiti kutoka Marekani walianza kufuatilia watoto 136 pale Bucharest, wakawagawa kwa bahati nasibu, nusu wakapelekwa kwenye familia za kuwalea na nusu wakabaki kwenye utaratibu ule wa kawaida. Waliopata mama na baba wa kuwalea mapema, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, walikuja kuwapita wenzao mbali, hata mawimbi ya ubongo ukiyapima yalikuwa tofauti. Kwaiyo ndio, mtoto akicheleweshewa mapenzi kuna gharama.

Tena kuna jambo hapa wengi hatulijui na linatuhusu sisi Afrika Mashariki. Hii elimu ya kwamba mtoto mchanga anamfanya mama yake kama kituo, anatambaa mbali kidogo kuchungulia dunia alafu anarudi kumgusa ndo aende tena, imekomaa hapa jirani tu. Mama mmoja mwanasaikolojia, Mary Ainsworth, alikuja Kampala 1954 akimfuata mume wake aliyepata kazi kwenye taasisi ya utafiti pale Makerere, na yeye hakutaka kukaa bure, akaanza kuzunguka vijijini karibu na mji kwa akina mama wa Kiganda na mkalimani wake, familia 26, watoto 28, kila baada ya wiki mbili anaenda, anakaa, anaangalia mtoto analilia nani, anachekea nani, mama akirudi anafanyaje. Wale watoto wa Kiganda walikuwa wanampokea mama kwa kupiga makofi! Kitabu chake kilitoka 1967. Yale aliyoyaanzia kwenye nyumba za Waganda ndo akaenda kuyaendeleza Baltimore kule Marekani, na leo kila mwanachuo wa saikolojia duniani anaulizwa kwenye mtihani, ila ukimuuliza mwanachuo wetu jambo hili lilionekana wapi kwanza anakwambia Marekani.

Na hapo Kenya nako, miaka ya 70, mtafiti Charles Super alikaa na Wakipsigis wa kijiji cha Kokwet akaona watoto wao wanakaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, wazungu wengine walishaanza kusema ni damu ya Kiafrika, kumbe mama anamfundisha, anamchimbia kishimo kifupi ardhini anamkalisha humo asianguke, anamshika mikono anamtembeza kila siku. Kutambaa ambako hawakufundishi, hawakuwa wamewatangulia wenzao. Yaani hata hicho tunachokiita kukua kwenyewe, mkono wa watu umo. Nakaa nacho sana hichi kishimo, kwa sababu kama mtoto wa miezi mitano anakalishwa ndo anajua kukaa, basi huyu kijana wa miaka 22 tunayemwambia "jiongeze" nani kamchimbia kishimo chake?

Sasa nakuja kwenye ugomvi wangu.

Wanasaikolojia haohao waliotuambia utoto ni msingi, walipokaa kuwafuata watu miaka mingi walikuta mambo hayakai kama msingi na nyumba. Kuna kisiwa kinaitwa Kauai, kipo Hawaii, huko mama mmoja anaitwa Emmy Werner na wenzake waliwachukua watoto wote waliozaliwa 1955, jumla yao 698, wakawafuata wakiwa na mwaka mmoja, miwili, kumi, 18, 32, mpaka 40. Wengi walikuwa watoto wa vibarua wa mashamba ya miwa na mananasi. Kama theluthi hivi walizaliwa kwenye shida tupu, umaskini, ugomvi ndani, mzazi mlevi au mgonjwa wa akili. Kwa hesabu ya makala yenu hao wote wameshaharibika. Lakini mmoja katika kila watatu wa hao wenye shida alikua vizuri tu, anasoma, anafanya kazi, anapenda watu, na ukichunguza unakuta alikuwa na mtu, bibi, shangazi, mwalimu, jirani, mtu mmoja aliyemshikilia. Hapo sijashangaa, bibi tunamjua.

Kilichonishangaza ni wale wengine. Wale waliokuwa wahuni wakiwa na miaka 18, waliokamatwa na polisi, mabinti waliozaa wakiwa shule. Alipowarudia wakiwa na 32 na 40 akakuta wengi wao wamenyooka! Na hawakunyooshwa na daktari wa akili. Wengine walirudi shule wakiwa watu wazima, wengine walienda jeshini, wengine walioa au kuolewa na mtu aliyetulia, wengine waliokoka wakawa watu wa kanisani, wengine waliponea chupuchupu kwenye ugonjwa wakaanza kufikiria upya. Yaani milango ilifunguka baadae, tena milango ya kawaida kabisa ambayo hata hapa kwetu ipo, kasoro sisi tuna tabia ya kuifunga na kumwambia mtu "we ulishachezea bahati". Mabinti waliopata mimba shuleni tulikuwa tunawafukuza, mpaka 2021 ndo ikaruhusiwa wakarudi, na mpaka leo kuna wazazi wananiambia usoni kwangu "Mwalimu, yule keshakuwa mtu mzima, arudi darasani kufanya nini?"

Hilo neno mtu mzima nalo lina lake. Mzima, yaani kamili, hakupungua kitu, kama chungu kilichotoka tanuruni. Lakini Kiswahili chetu hichohicho kina kichanga, kina kigori na mwali, kina barobaro, kina mtu wa makamo, mzee, ajuza, kikongwe, na kila jina lilikuwa na kazi zake na heshima zake na watu wa kukuvusha kutoka hili kwenda lile, jando na unyago vilikuwa vya nini kama si kumwambia mtu ulipokuwa umetoka na unapoenda huku? Wazee wetu hawakusema binadamu anaishia miaka minane. Sijui sisi tumelitoa wapi.

Erikson mwenyewe, huyo niliyekuwa nakata hatua zake katikati, maisha yake yalikuwa ushahidi. Kazaliwa Ujerumani 1902, baba mzazi hakumjua, kalelewa na baba wa kambo daktari anaitwa Homburger, Myahudi, na yeye mtoto ana nywele za dhahabu na macho ya bluu. Shuleni wanamtania Myahudi, sinagogini wanamwambia we si mwenzetu. Basi kahangaika, ujana wake kazunguka Ulaya anachora picha, hana chuo kikuu, na 1939 akapata uraia wa Marekani, ndo akajibadili jina akajiita Erikson, maana yake mwana wa Erik, yaani kajizaa mwenyewe! Alikuwa na miaka 37. Kitabu chake cha hatua nane kilitoka 1950, karibu anafika 50. Huyo ndo anayetuambia kijana anatafuta yeye ni nani, na kwamba mtu wa makamo kazi yake ni kulea kizazi kinachokuja, si lazima awe wake wa kumzaa, na asipolea anadumaa, na mzee kazi yake ni kuyaangalia maisha yake yote aseme haya yalikuwa yangu, nimeyakubali, au afe na majuto.

Alafu sikiliza hii. Erikson kafa 1994, mke wake Joan, ambaye walikuwa wanafikiri pamoja miaka yote, 1997 akiwa na zaidi ya miaka 90 katoa toleo jipya la kitabu kingine cha mumewe, kaongeza hatua ya tisa. Kasema uzeeni kabisa mwili unapoanza kukusaliti yale ya utotoni yanarudi kukudai upya, unaanza tena kujifunza kumwamini mtu mwingine, unaanza tena kuona aibu kushikwa mkono kwenda chooni. Waliandika ramani ya uzee wakiwa na miaka arobaini na kitu, walipofika wenyewe ndo wakaona kuna mtaa mzima umesahaulika.

Sasa nimtoe mama yangu, maana yeye ndo kanituma.

Mama yangu kajifunza kusoma 1971, ana miaka 32. Mtu atauliza aliingiaje darasani, jibu ni kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa na mawazo tofauti na makala yenu. Mwaka 1964 wakati anatoa ule Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano alisema tuanze na watu wazima, kwa sababu watoto mchango wao kwenye uchumi hatutauona mpaka ipite miaka mitano, kumi, hata ishirini, na 1970 ukatangazwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Ndo kisomo kikaja mpaka kijijini kwetu, jioni chini ya mwembe. Mi nilikuwa na miaka minane, darasa la pili, yaani kwa mujibu wenu mi ndo nilikuwa naelekea kukamilika na mama keshakamilika zamani. Tulikuwa tunakaa koroboi moja, mi na daftari langu, yeye na kitabu chake cha kisomo, anabonyeza kalamu mpaka karatasi inatoboka, na nakumbuka usiku aliosoma neno lake la kwanza bila kusaidiwa, lilikuwa "kahawa", kalisoma, kanyamaza, kalisoma tena, alafu akaamka akaenda kufunua kopo la kahawa jikoni sijui alitaka kuhakikisha nini.

Ndo maana nawaambia mkiwapima wazee muwe waangalifu. Mwanasaikolojia mmoja, K. Warner Schaie, alianza 1956 kule Seattle kuwapima watu wazima akili, alafu kila baada ya miaka saba anawarudia walewale na kuongeza wapya. Akagundua mtego. Ukichukua mzee wa leo na kijana wa leo ukawapima siku moja mzee anaonekana kashuka sana, lakini ukimfuata mtu mmoja miaka yake yote unakuta uwezo mwingi umesimama vizuri tu mpaka miaka ya sitini huko, ndo unaanza kushuka, tena si wote kwa pamoja. Ile tofauti nyingine si uzee, ni kwamba mzee alisoma miaka michache, alikula vibaya utotoni, hakuwahi kuona mtihani wa kuchagua A, B, C. Raymond Cattell naye alikuwa ameshatofautisha akili mbili, ile ya kuruka haraka kwenye kitu kipya ambayo inaanza kushuka mapema, na ile iliyoganda kutokana na yale uliyoishi, maneno, watu, mambo, ambayo inaendelea kujaa mpaka uzeeni. Mjukuu wangu ananipita kwenye simu mbali sana. Lakini ugomvi wa mirathi ukija hapa nyumbani hakuna anayemwita mjukuu.

Hata ubongo wenyewe hauko kama walivyosema. Madereva teksi wa London wanatakiwa kukariri barabara kama elfu 25 ndo wapewe leseni, inawachukua miaka mitatu minne, na Eleanor Maguire na wenzake waliwapiga picha za ubongo kabla na baada, wale waliofaulu sehemu ya nyuma ya hipokampasi, kile kipande cha ubongo kinachoshughulika na njia, ilikuwa imekua, waliofeli haikukua. Watu wazima hao, wana ndevu. (Bodaboda wetu wa zamani wangepimwa nao, siku hizi wanafuata ramani ya simu wanakupitisha kwenye mtaro.)

Miaka miwili iliyopita mama alianza kuacha mambo. Mama ni msuka ukili, mikeka yake imetembea mpaka Pemba, ghafla hagusi miyaa, anakaa tu, gazeti hasomi, akitembea anapapasa ukuta. Nikampeleka kituo cha afya, sitakitaja, nesi hakumuamkia, kaniangalia mi kaniuliza "bibi anasumbuliwa na nini", mama yupo palepale masikio anayo. Alipoingia kwa mganga kaulizwa umri tu, akajibiwa "ni uzee huo", tukapewa dawa za maumivu tukarudi. Ni uzee. Mi mwenyewe nilikubali! Miezi minne nimekaa na hilo jibu, mpaka wakaja madaktari wa macho kwenye kambi ya bure, wakamulika tochi, wakasema mama ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Wakamfanyia upasuaji jicho moja, alafu la pili. Siku wanafungua bandeji kaniangalia akasema, "Kumbe na we umezeeka."

Sera ya wazee tunayo toka 2003, inasema mzee ni kuanzia miaka 60, kwaiyo hata mi ni mzee kisera. Lakini ukimwambia mtu anayeamini binadamu alimalizika kukua zamani akuhudumie ukiwa na 86, atakuhudumia kama gari la kuuza vipuri. Hapo ndo hasira yangu na ile sentensi inapoanzia, maana ukiona maisha ya mtu ni kupanda mpaka ujana alafu ni kushuka tu, kila kitu unakiita uzee, mtoto wa jicho uzee, msiba wa mume uzee, masikio yamejaa nta uzee.

Kulikuwa na mwanasaikolojia wa Kijerumani, Paul Baltes, alikuwa Berlin kwenye taasisi ya Max Planck, kafa 2006, huyu ndo aliyesimama akasema kukua kunaendelea toka kuzaliwa mpaka kufa na kwamba kila umri una kupata na kupoteza ndani yake, hata mtoto anapata lugha huku anapoteza uwezo wa kutofautisha sauti za lugha ambazo hazisikii kwao. Uzeeni kupoteza kunazidi, hakuficha. Ila akasema wanaozeeka vizuri wanafanya mambo matatu, wanachagua, wananoa, wanafidia, na alikuwa anapenda kumtolea mfano Arthur Rubinstein, mpiga piano maarufu, alipoulizwa uzeeni anawezaje bado kupiga akasema anapiga nyimbo chache kuliko zamani, hizo chache anazifanyia mazoezi zaidi, na kabla ya sehemu ya haraka anapiga polepole kwa makusudi ili ile ya haraka isikike haraka zaidi.

Nilivyosoma hapo nikacheka peke yangu barazani, kwa sababu nilikuwa namuangalia Rubinstein kakaa mbele yangu kwenye jamvi. Mama baada ya macho kupona karudi kwenye ukili lakini si kama zamani. Zamani alikuwa anasuka ukili mwembamba wa nakshi, rangi tatu nne, na kofia za ukindu, na makawa, na vipepeo. Sasa kaacha vyote kabaki na mkeka mmoja tu, ukili mpana, rangi mbili, nyeusi na ya asili. Anasuka asubuhi baada ya swala mpaka jua likifika kizingitini, basi, vidole vikianza kukaza anaweka chini hata kama kabakiza kidogo. Kuchemsha rangi kamwachia binti wa jirani, kutunga uzi kwenye shazia anaita mjukuu. Na mbinu yake ile ya polepole ninayo ushahidi, kuna kona za mkeka zinazochosha, zile anazisuka kwanza akiwa na nguvu za alfajiri, katikati ndo anamalizia. Nikamsomea habari za Baltes. Kaniuliza huyo Mjerumani mkeka kajifunza wapi.

Na mashoga zake amepunguza. Zamani shughuli haimpiti, arusi, maulidi, mchezo wa hela, leo wamebaki watatu, na wawili kati ya hao walikuwa naye kwenye kisomo. Nilidhani ana huzuni. Kumbe Laura Carstensen wa Stanford ameliona hili kwa wazee wengi, mtu akihisi muda uliobaki ni mfupi hatafuti tena watu wapya, anabaki na wale wa moyoni, na mara nyingi anakuwa na amani kuliko kijana mwenye namba elfu kwenye simu. Nimeacha kumlazimisha mama kwenda kwenye sherehe.

Kwa vijana sitasema mengi, barua imeshakuwa ndefu. Sera yetu ya vijana inasema kijana ni miaka 15 mpaka 35, wenzetu huko Marekani Jeffrey Arnett mwaka 2000 kaja na jina lake kwa watu wa miaka 18 mpaka ishirini na kitu, kwamba ni umri wa peke yake, si mtoto si mtu mzima, anajaribujaribu. Mi naona kwetu kuna wanaojaribu na kuna ambao hawana hata cha kujaribu, na hao wa pili kusema ni umri tu wa kujaribu ni kuwaonea. Hapa mtaani kuna mmoja, kafeli fomfoo, kaangukia kwenye unga, tulishamzika akiwa hai, ana miaka 29 ndo kajipeleka mwenyewe kwa fundi wa kuchomelea anafagia karakana. Leo geti la nyumba yangu kachomelea yeye, lina kasoro bawaba ya chini inalia, ila linafunga.

Ombi langu kwenu ni dogo, mkiandika tena malezi andikeni, ila wiki inayofuata mtafuteni mtu aandike makuzi ya mtu wa miaka 40, na wa 60, na wa 80, msituache sisi kwenye ukurasa wa matangazo ya vifo. Na hapohapo mama kanisimamia nimalizie na lake, anauliza mbona maandishi ya huo ukurasa wa vifo mmeyapunguza, yeye ndo anaanza nao kila asubuhi, na jumatatu alisoma jina vibaya akamlilia mtu ambaye mchana tulimkuta sokoni ananunua dagaa.

Mwalimu mstaafu,
Tanga